Santuri Iliyogoma

Mama Waya hakutoka chini ya meza Inspekta alipoingia. Alikuwa amepiga magoti, tochi mdomoni, akivuta waya mmoja katikati ya lundo la nyaya zilizosokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Inspekta alivuta kiti, akakaa, akangoja. Kituoni walimwita Kobe na hakuwahi kukasirika. Alisema kobe hajawahi kupitiliza kituo chake.

"Imekufa," sauti ilitoka chini ya meza. "Andika imekufa, tuzike."

"Daktari gani kathibitisha?"

"Mimi hapa."

"Na umempima vizuri?"

Mama Waya alitoka, akajipangusa magoti, akamtazama kama mama anavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini mbingu haidondoki. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye shahada mbili na subira nusu, na kazi yake kituoni ilikuwa kuzifungua kompyuta na simu za watu waliokufa au waliokamatwa. Mezani kwake palikuwa na kompyuta iliyotolewa matumbo nje. Ndani ya draivu yake, kile kisanduku cha kusomea santuri, ilikutwa santuri moja, ile sahani ndogo inayong'aa ambayo siku hizi watu huitundika bustanini kufukuzia ndege. Haikuandikwa kitu juu yake.

Santuri hiyo ndiyo ilikuwa jambo la mwisho ambalo halijajibiwa katika jalada la kifo cha Bwana Sauti. Kesho yake asubuhi mdogo wa marehemu angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kumuua kaka yake. Shtaka la aina hiyo halina dhamana. Likishasomwa, mtu huingia rumande na ndevu nyeusi, akatoka nazo nyeupe, hata kama mwisho wake ataambiwa samahani, nenda nyumbani. Na aliyemkamata alikuwa Inspekta mwenyewe.

Kesi ilikuwa nyepesi kuieleza. Bwana Sauti alikuwa mtu wa kurekodi: kwaya, hotuba za harusi, matangazo ya maduka. Mwaka uliopita kansa ilimshika kooni. Madaktari wakatoa mlango mzima wa sauti, wakamwachia tundu shingoni la kuvutia pumzi. Sauti ikaenda, jina likabaki. Tangu hapo alizungumza kwa chaki na kibao kidogo, na kwa kugonga meza. Ijumaa moja jioni mkewe, mshonaji katika kiwanda cha sare, alirudi kazini akamkuta sakafuni, kati ya kiti cha kompyuta na mlango. Tundu la shingoni lilikuwa limeziba. Daktari alisema makohozi yakiganda yanaweza kuziba tundu kama lile, na kitambaa kikikandamizwa na mkono wa mtu kinaweza pia. Kilichomuua ni kukosa hewa, akasema, lakini aliyemnyima hewa simjui.

Aliyejaza pengo hilo alikuwa jirani, mwanamke anayesuka nywele nyumbani kwake, dirisha lake likitazamana na la chumba cha marehemu. Mchana wa Ijumaa ile Msusi alisikia mwanamume ndani ya chumba kile. Anasema maneno machache, halafu anacheka. Maneno hakuyapata, kicheko alikipata, kicheko cha mtu aliyeshiba. Asiye na koo hacheki. Basi ndani mlikuwa na mtu mwingine, na mwanamume pekee aliyeonekana akiingia siku hiyo alikuwa mdogo wa marehemu, dereva wa lori. Ndugu hao walikuwa wamegombana mara mbili mwezi huohuo. Mtaa mzima ulisikia upande mmoja wa ugomvi, maana upande wa pili uliandikwa kwa chaki.

Mjane alipoambiwa habari ya kicheko alisema, "Kumbe mume wangu kafa huku anachekwa." Tangu siku hiyo hakulitamka tena jina la shemeji yake, na alipopita kituoni kuulizia mambo ya jalada, alipita upande wa pili wa ukumbi ili asiuone hata mlango wa mahabusu.

"Nieleze hatua kwa hatua," Inspekta alisema. "Kama unamweleza shemeji yako asiyejua kitu."

"Shemeji yangu anajua kuliko wewe."

Hata hivyo alieleza. Kompyuta ya marehemu ilikuwa ya Linux, mfumo unaopendwa na mafundi, kama ya Mama Waya mwenyewe, tena Linux kavu, skrini nyeusi na maandishi tu, hakuna picha za kubofya. Diski kubwa ya ndani ilifungwa kwa neno la siri ambalo hata mjane hakulijua, kwa hiyo ilibaki santuri. Sasa katika Linux kavu santuri haijifungui yenyewe. Unaichukua, unaitafutia folda, unaiambia ikae hapo. Mafundi huiita kazi hiyo kupachika. Ni kama picha na msumari ukutani: bila msumari, picha inabaki sakafuni imegeuka uso.

Siku ya kwanza draivu haikuonekana kabisa. Askari waliileta kompyuta kwenye buti la gari pamoja na tairi la akiba, waya ukachomoka njiani. Akaurudisha. Draivu ikaonekana, lakini ikamkatalia ruhusa. Akaingia kama bosi wa mashine, mwenye ruhusa zote, ikanyamaza bila kusoma kitu. Kisha akaona jicho la draivu lina vumbi, akalifuta kwa pamba. Santuri ikaanza kuzunguka, akaisikia kwa masikio yake, na jibu likaja: haipachikiki, mpangilio wake haujulikani. Akatia santuri yake mwenyewe ya majaribio. Ikapachikwa mara moja, bila hata kupepesa. Basi draivu ni nzima. Akaitoa ile ya marehemu, akaitia kwenye draivu nyingine ya ofisi. Jibu lilelile.

"Na nakala?"

Mama Waya alionyesha ukutani kwa kidole gumba, bila kugeuka. Palikuwa na karatasi iliyobandikwa, maandishi makubwa: NAKALA KWANZA. Katika chumba kile kielelezo hakiguswi; kinanakiliwa chote, neno kwa neno, kisha nakala ndiyo inayochokonolewa, ili wakili asije akasema polisi wameongeza chumvi. Kanuni hiyo aliifuata kama sala. Lakini chombo cha kunakili kiligoma kwenye mstari wa kwanza kabisa. Hitilafu ya kusoma. Akirudia, hitilafu. Santuri yenyewe ilikuwa haina mkwaruzo hata mmoja, safi kama kioo cha bwana harusi.

"Santuri safi, draivu nzima, na bado haisomeki," Inspekta alisema.

"Zipo. Zile za rahisi huoza ndani kama boga. Nje unaona shavu, ndani maji."

Inspekta akaivuta kibodi ya marehemu karibu. Vitufe vya herufi vilikuwa vitupu. Vya namba, upande wa kulia, vilibandikwa vipande vya plasta ya hospitali, kila kimoja na kipande chake, na kile cha tisa plasta mbili moja juu ya nyingine. Hakuna lililoandikwa juu ya plasta hizo. Aliuliza. Mama Waya alisema labda macho ya mzee yalikuwa dhaifu.

"Hakuvaa miwani."

Alifumba macho, akapitisha kidole. Plasta ilikwaruza. Kidole kiliijua ya tisa bila kuuliza. Mtu hubandika kitu namna ile anapotaka mkono ufike mahali hata jicho likishindwa. Lakini ufike kwenye nini, hilo hakulijua. Alisimama, akaomba santuri isirudishwe stoo mpaka atakaporejea.

"Unaenda wapi?"

"Kusukwa."

Mama Waya alikitazama kichwa chake kinachong'aa, akarudi chini ya meza.

*

Msusi naye alikitazama kichwa hicho alipomfungulia mlango, akasema afande, mimi hutengeneza kilichopo, sifanyi miujiza. Alimkaribisha kwenye kigoda cha wateja, dirishani, yeye akaendelea kuchambua nywele za bandia mapajani. Alikuwa mcheshi, mwenye ulimi usio na kufuli, na Inspekta alimwacha azungumze mpaka mwenyewe akachoka kuzunguka.

Kutoka kwenye kigoda, dirisha la marehemu lilikuwa karibu kiasi cha kurushiana limau. Mlango wa mbele wa nyumba ile ulionekana wote.

Alihamia hapa lini? Baada ya Pasaka, alisema. Na Inspekta akahesabu kimoyomoyo kwamba marehemu alikuwa ameshapasuliwa. Kwa hiyo hakuwahi kumsikia jirani yake akizungumza? Hata siku moja. Alidhani kazaliwa vile.

"Kile kicheko. Nieleze tena."

"Nimeshaeleza mpaka ulimi umeota sugu. Anasema kitu kifupi. Anacheka. Kimya. Anasema tena. Anacheka."

"Kicheko tofauti au kilekile?"

Mikono ya Msusi ilisimama juu ya nywele. Ni wazi hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. "Kilekile," alisema taratibu. "Kinaanzia chini, kinapanda, kinapanda, halafu kinakatika na kikohozi kidogo. Kila mara, kikohozi kidogo mwishoni."

"Watu hawacheki sawasawa mara mbili."

"Huyu alicheka. Tena Ijumaa haikuwa mara ya kwanza. Jumanne nilimsikia, na Jumatano. Niliwaambia. Yule askari wenu akaandika eti nimechanganya siku. Mimi nachanganya nywele, afande, sichanganyi siku."

Inspekta aliijua sentensi hiyo katika jalada, alikuwa ameipiga mstari mwenyewe. Jumanne na Jumatano zile mdogo wa marehemu alikuwa safarini na lori la saruji, na mizani mbili za barabarani zilimpima yeye na mzigo wake. Ndiyo maana walisema shahidi kachanganya. Ilikuwa rahisi kuliko kusema kuna mtu wa tatu.

Mtu huyo wa tatu aliingia saa ngapi Jumanne? Msusi alitikisa kichwa. Alikuwa na mteja wa nywele ndogondogo, kazi ya kutwa nzima, na walikaa hapahapa dirishani. Mke wa marehemu alitoka asubuhi. Hakuingia mtu, hakutoka mtu. Na Jumatano vilevile. Ijumaa ndiyo aliingia yule dereva adhuhuri; kama alitoka, alitoka Msusi akiwa uani anamwosha mteja.

"Na kicheko kilikuja kabla hujaenda uani, au baadaye?"

"Baada ya kurudi. Hapo ndipo kilipozidi. Kikarudia, kikarudia. Nikasema huyu mtu hana adabu, humo ndani kuna mgonjwa." Alinyanyua mabega. "Nikafunga dirisha."

Inspekta alitazama dirisha, kisha akatazama lile la pili. Mwanamume haingii, hatoki, na anacheka ndani, leo na jana, kicheko kimoja kama mhuri. Msusi alimuuliza vipi. Akasema bado, akaaga.

*

Dereva aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda wala kamba za viatu, akakaa kwa kujibana kama abiria wa siti ya katikati. Wiki tatu zilikuwa zimemkondesha shingo. Inspekta hakufungua jalada.

"Kaka yako alikuwa akichekaje?"

Dereva alimtazama. "Mzee, kama umekuja kunidhihaki, nirudishe ndani."

"Sidhihaki. Kabla ya ugonjwa. Alicheka vipi?"

Jibu lilikuja na tabasamu ambalo mwenyewe hakulitegemea. Kaka akicheka, alisema, unamsikia kutoka barabarani. Kinapanda kama lori lenye mzigo mlimani, halafu kinamshinda, anakohoa. Kila mara. Tangu utoto. Mama yao alikuwa akimwambia mwanangu, kicheko chako kina breki mbovu.

Inspekta aliinuka kitini, akarudi akakaa. "Na ule ugomvi. Ulisema ulitaka ahame."

"Nilitaka ahamie kwangu. Kwangu kuna watu, kuna watoto, kutwa kelele. Pale alikuwa anashinda peke yake na lile tundu. Shemeji akadhani naitaka nyumba." Alifuta uso kwa kiganja. "Ijumaa nilirudi kumbembeleza. Nikamwambia kaka, siku tundu likiziba utamwita nani? Na utamwita kwa mdomo gani? Unajua aliandika nini? Akachukua chaki akaandika neno moja. NINAO. Akanicheka kwa mabega, vile alivyokuwa akicheka baada ya kupasuliwa. Nikaona ananidharau. Nikaondoka hata sikuaga."

"Aliandika ninao."

"Ninao. Mdomo gani, mzee? Alikuwa hana."

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni. Kwa miaka yote ya kumfahamu, askari wa zamu hakuwahi kumwona Kobe akikimbia, na hata siku ile hakukimbia, ila alitembea kwa namna iliyomfanya askari asimame.

Kwenye ngazi alikutana na Mama Waya anashuka mbiombio, kandambili mkononi.

"Mzee, nahitaji spika."

"Nami nilikuwa nakuja kukwambia utafute spika."

Walitazamana, kila mmoja akashangaa mwenzake kapita njia gani.

Mama Waya alisema alikaa akaitazama ile karatasi ukutani mpaka akaichukia. Alikuwa akiiuliza santuri ina mafaili gani. Akaacha, akaiuliza ina nini. Ikamjibu ina vipande. Vipande vimepangwa vizuri, mwanzo na mwisho wake, na hakuna faili hata moja. "Ni santuri ya sauti," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akiwa ameivaa. "Sauti imelazwa tupu, haina mpangilio wa mafaili. Huwezi kuipachika. Huwezi kuinakili kwa chombo chetu. Itakataa mpaka kiama, na itakuwa haijakosea. Hii unaweka, inachezwa, basi. Nimelijua hilo tangu utotoni, nina mikia miwili ya nywele kichwani. Lakini hapa ndani kitu kikija ni ushahidi, na ushahidi ni mafaili, na mafaili ni nakala kwanza."

Tatizo lilibaki spika. Kompyuta za kituo zilinyang'anywa spika zote ule mwaka ambao watu walikuwa wakisikiliza mpira saa za kazi. Aliyezinyang'anya ni mkuu wa kituo, na spika pekee iliyosalia jengoni ilikuwa yake, kwenye droo, ya kusikilizia mpira. Inspekta aliiomba. Mkuu alikohoa, akaitoa.

Mama Waya alichomeka spika, na kibodi ya marehemu, akaunganisha kila kitufe cha namba na kipande cha sauti cha namba hiyo, kama plasta zilivyoonyesha. Kisha akauliza waanzie wapi. Inspekta alisema, tisa.

Draivu ilizunguka. Palikuwa na mtetemo mdogo wa chumba kilichofungwa, mtu akavuta pumzi kwa pua na mdomo kama watu wote, na sauti nene, changamfu, ya mtu anayejua anaongea mbele ya kinasa, ikasema:

"Njooni jamani, nakufa huku."

Kisha ikacheka. Kicheko kikaanzia chini, kikapanda, kikapanda, kikamshinda mwenyewe, kikakatika kwa kikohozi kidogo.

Mama Waya alijiziba mdomo kwa mkono wenye vumbi.

Inspekta alizungumza akitazama spika, polepole, kama anayeandikisha maelezo. Alirekodi kabla ya kupasuliwa, alisema. Alijua anakwenda kupoteza sauti, na kazi yake ni sauti, akajiwekea akiba. Maneno atakayoyahitaji nyumbani, moja baada ya jingine. Akafika kwenye neno la hatari, akalisema, akajisikia, akaona kichekesho, mtu mzima wa afya amekaa peke yake chumbani anapiga kelele kwamba anakufa. Akacheka. Akaacha vilevile. Wiki ile ya kifo ndipo alipozihamishia rekodi hizo kwenye santuri, akazijaribu Jumanne na Jumatano. Hakumwambia mkewe, huenda alitaka kumshtua kwa furaha. Ijumaa mdogo wake alipoondoka, tundu likaziba. Mkono ukaenda kwenye tisa.

"Angetumia nyingine," Mama Waya alisema. "Isiyo na kicheko."

"Hakuwa na nyingine. Koo la kurekodia nyingine lilishatupwa."

Mama Waya alinyoosha mkono kwenye kitufe cha kwanza, maana utaratibu unataka kielelezo kisikilizwe chote. Inspekta aliuzuia kwa vidole viwili. Hizo nyingine zisikilizwe mjane mwenyewe akiwepo, alisema.

Mkuu wa kituo alisikiliza ya tisa mara moja tu. Alitia sahihi karatasi ya kumwachia Dereva, akasahau kudai spika yake.

Kabla jua halijazama Inspekta alirudi kwa Msusi, kwa sababu habari ile ingefika mtaani na alitaka ifike ikiwa nzima. Alimweleza. Msusi alikaa kwenye kigoda cha wateja wake, mikono mapajani, hana la utani. Alisema, "Nilifunga dirisha." Inspekta alianza kumwambia kwamba yeyote angefunga.

"Usinifariji, afande. Andika tu nilivyosema. Andika nilifunga dirisha."

Akaandika.

*

Asubuhi yake, saa ambayo Dereva angekuwa kizimbani, walikuwa wanne katika chumba cha Mama Waya. Mjane alichagua kiti cha mbali, karibu na mlango. Dereva, mkanda wake mkononi bado, alikaa karibu na meza maana hakikubaki kiti kingine. Hawakusalimiana.

Inspekta alieleza yote bila kupamba. Mjane alisikiliza akitazama sakafu. Inspekta alipomaliza, mjane aliuliza swali moja.

"Alikuwa ananiita mimi?"

"Alikuwa anaita yeyote."

"Nataka kusikia."

Inspekta alimwambia si lazima. Mjane alisema amefunga shuka za mume wake kwa mikono yake baada ya maziko, hajui ni kitu gani tena ambacho si lazima. Mama Waya akabonyeza tisa, kisha akatoka akasimama mlangoni akiwapa mgongo.

Kicheko kilipokatika, mtandio ulimteleza mjane mabegani, hakuuokota. Alipozungumza hakuinua macho.

"Shemeji. Nilisema mambo."

"Ulisema ulichosikia, shemeji," Dereva alijibu. "Hata mimi ningesema."

"Nilikataa uletwe kumzika."

Dereva alikuwa ndani siku ya maziko. Kaka yake alizikwa na watu wa mtaani. Alizungusha mkanda kwenye ngumi, akaufungua, akauweka mezani, na mkono wake ulipokuwa hapo ukaigusa kibodi. Aliuliza kama kuna nyingine. Inspekta alisema zipo, na hakuna aliyezisikia. Dereva alimtazama mjane. Mjane akaitikia kwa kichwa, kidogo sana.

Akabonyeza moja.

"Umerudi?" sauti ilisema, karibu mno, kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. "Habari za kazi?"

Kisha kimya. Inspekta alidhani kipande kimekwisha, lakini draivu ilikuwa bado inazunguka, na kwenye skrini sekunde zilikuwa bado zinatembea. Mwenye kazi yake alijua jibu huchukua muda gani. Alikuwa ameacha nafasi.

"Nzuri," mjane alisema. "Nimechelewa kidogo."

"Pole," ikasema sauti. "Vuta kiti, uniambie."

Mjane aliinuka kutoka mlangoni. Dereva alisimama akampisha, na yule mwanamke akakivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza, akaegemea mbele, akaanza kumwambia.